Baa ya Posa ya Upendo

Alhamisi, 19 Februari

Foleni tena barabara ya 635. Nimetoka Mesquite giza, nimefika Plano kumekucha, katikati hapo sikumbuki kitu ila taa za breki. Ofisini mkutano, kisha mkutano wa kupanga mkutano.

Kwaresima imeanza jana. Nimeacha bia mpaka Pasaka. Wanjiru alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu ni Mkikuyu, na kwake Mchaga aliyeacha bia ni habari ya kutangaziwa majirani.

Mchana kapiga Upendo, mdogo wangu wa mwisho. Nesi, yuko Houston, anakaa Sharpstown. Anasema familia ya Ryan inataka kukutana na sisi. Ryan ni mchumba wake, kijana wa hapahapa Texas, ila baba yake kazaliwa Ayalandi. Kila Machi hutoka pamoja kusherehekea Mtakatifu Patrisi kwenye baa ya Kiairishi. Mwaka huu wanataka tutoke nao, Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Nikasema safi sana. Akasema basi baa uchague wewe kaka, wewe ndiye mjuzi.

Mjuzi. Mwaka ambao sinywi.

Jumapili, 22 Februari

Nimempigia Baba Mkubwa, kijijini kwetu Kibosho. Tangu baba afariki yeye ndiye mwenye neno. Na neno lake juu ya Ryan hajalitoa. Si kwa sababu kijana ni Mzungu. Hilo alilimaliza kwa kusema hata Wamarekani wanazaa. Kinachomkera ni kwamba hakuna mtu aliyekuja. Kwetu upande wa mwanamume hubeba pombe ukaenda kwa wakwe. Pombe ikinywewa, mambo yamekubaliwa. Isiponywewa, kila mtu achukue kofia yake.

Upendo kwa upande wake alishaapa tangu Krismasi. Anasema yeye hauzwi kwa ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba Mkubwa akiendelea kuvuta muda, wanakwenda mahakamani Houston, wanasaini, basi, na Kibosho hatakanyaga tena. Namjua. Ana kichwa cha baba. Atafanya.

Leo nikamwambia Baba Mkubwa habari ya kutoka na kina Ryan. Yakaja maswali. Huyo mzee atanunua pombe? Atanunua. Anakuja kwako au unakwenda kwake? Nikasema anakuja kwangu, Dallas. Akasema basi hiyo ndiyo posa. Akasema nipokee mimi kwa niaba ya baba, na yeye Baba Mkubwa atakuwepo kwenye simu.

Kwa hiyo si matembezi tena. Natafuta baa ya kuposewa mdogo wangu. Na wa kunywa ni mimi. Habari ya Kwaresima sikumwambia.

Jumanne, 24 Februari

Baa ya kwanza. Plano, dakika chache kutoka ofisini, nimepita baada ya kazi. Iko kwenye safu ya maduka, kulia daktari wa meno, kushoto dobi. Ndani televisheni kila ukuta, mpira wa kikapu, mbio za magari, mtu anavua samaki. Ukutani baiskeli kuukuu na ubao wa jina la kijiji ambao nina hakika umetoka kiwandani mwaka jana. Pembeni ubao wa kurushia vishale. Mhudumu mchangamfu. Nimeagiza maji yenye gesi na kipande cha ndimu, akaniuliza kama ninaendesha gari kwenda mbali.

Haifai. Siwezi kumpokea mkwe jirani na daktari wa meno. Nimeondoka na hasira kidogo, labda ya kiu.

Ijumaa, 27 Februari

Fort Worth na Wanjiru. Watoto kwa jirani. Mwendo mrefu kutoka Mesquite lakini wote wanaisifu. Kweli ni baa. Mbao nyeusi, moto kwenye ukuta, vijana watatu na fidla, mmoja ana ngoma ya mkononi anaipiga kwa kijiti. Mguu wangu ulicheza wenyewe. Nimekula samaki na chipsi kwa sababu ni Ijumaa. Wanjiru kala baga mbele yangu, yeye ni Mpresbiteri, hana habari.

Nilifurahi sana. Nimeandika hivyo ili nikumbuke, maana tangu mwaka uanze hatujatoka wawili.

Ila kelele. Nilimwomba Wanjiru ajifanye Baba Mkubwa kwenye simu, aniambie kitu. Alisema mara tatu. Nilisikia fidla tu. Baba Mkubwa sikio la kushoto lilishaondoka. Posa haiwezi kufanywa kwa ishara.

Wanjiru njiani: "Unajua unatafuta nini? Baa haina watu, haina ngoma, haina pombe. Hiyo inaitwa kanisa."

Jumanne, 3 Machi

Nimeipata!

Dallas yenyewe, barabara ya zamani yenye miti na migahawa. Nimeingia saa kumi na mbili jioni, ndani walikuwamo watu watano, wote watulivu. Mzee mmoja anasoma gazeti. Gazeti la karatasi! Chumba cha nyuma kina meza ndefu, dirisha, mlango unaofungwa. Hakuna televisheni hata moja. Bia nyeusi wanaimimina taratibu, wanaiacha itulie, kisha wanamalizia. Nilikaa nikitazama glasi ya mtu mwingine ikitulia. Kwaresima ni kitu kigumu, sitadanganya.

Usiku, huko kulipokucha, nikampigia Baba Mkubwa, nikamwelezea. Akauliza kama kuna walevi. Nikasema hakuna. Akauliza baa isiyo na walevi inaishije. Nikasema sijui, lakini mlango unafungwa. Akaridhika.

Meneja anasema Jumamosi ya tarehe kumi na nne hawamwekei mtu meza, ni kuja na kukaa. Nimemwambia nitafika mapema. Alinitazama vibaya kidogo. Nilidhani ni lafudhi yangu.

Jumamosi, 7 Machi

Upendo katuma video mbili za baa za Houston. Moja ina bustani nyuma, nyingine karibu na kwa Ryan, nzuri zote, sikatai. Kisha akapiga. Baba yake Ryan, Mzee Colm, ana goti limefanyiwa upasuaji. Saa nne nzima ndani ya gari kuja Dallas, kwa nini? Kwa nini tusishuke sisi?

Nikaeleza. Tukienda sisi Houston, ndiyo tumempeleka binti. Tumembeba mpaka mlangoni kwao tukagonga. Baba Mkubwa atakata simu.

Akasema: "Kaka, sikiliza. Mimi nina thirty-four. Niko na kazi, niko na nyumba, nime-drive mwenyewe kwa kimbunga. Hakuna mtu anayenibeba. Usini-stress na mambo ya nani kagonga mlango wa nani."

Nikasema ni heshima. Akasema heshima ya nani, yake au ya Baba Mkubwa? Nikasema ya wote. Akasema wana miadi mahakamani tarehe ishirini. Alishaichukua. Akakata.

Nimekaa gereji mpaka Wanjiru akaja kunitafuta. Nimeumia. Si kwa maneno. Ni kwamba alipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele mama akiwa sokoni, vibaya, na hakuna siku alinikatia maneno.

Jumapili, 8 Machi

Wamarekani wamesogeza saa. Tumechelewa misa. Kila mwaka wanafanya hivi na kila mwaka nashangaa.

Jioni kapiga Ryan mwenyewe. Anaongea polepole nikiwa kwenye simu, utadhani anabeba mayai. Anasema baba yake kasikia ugomvi, kasema anakuja Dallas, goti ni lake. Anataka tu kujua inabidi alete nini. Nikamwambia alete pombe. Aibebe mwenyewe, kwa mkono wake, aweke mbele yangu akiwa amesimama, aseme alichokuja kusema. Ryan akauliza kama ni lazima iwe pombe. Nikasema ndugu yangu, kwa Mwairishi hiyo si kazi ngumu. Nilicheka. Yeye alicheka kidogo tu.

Mzee kakubali kuja. Nimelala vizuri.

Jumatano, 11 Machi

Mimi ni mjinga.

Mchana ofisini nimemwonyesha mwenzangu picha za baa yangu, kwa majivuno. Akasema ooh, utakwenda kuona gwaride? Gwaride gani? Gwaride la Mtakatifu Patrisi. Linapita mlangoni. Jumamosi hiyohiyo. Barabara inafungwa tangu alfajiri, watu wanajaa maelfu, wanakojoa kwenye maua ya watu, bia inamwagwa kwa ndoo.

Yaani jiji zima la Dallas nimechagua kona hiyo moja. Nimekwenda kuipima Jumanne ya Kwaresima, nikaikuta tupu, nikasema hapa pametulia. Hata baa ya walevi ingekuwa tupu Jumanne ile. Meneja alijua. Alinitazama vile kwa huruma.

Wanjiru sikumwambia mpaka baada ya chakula. Alijikaza. Kisha: "Ati ulienda kutafuta kimya Saint Patrick's, kwa barabara ya Saint Patrick's?" Akaondoka mezani akicheka, nikamsikia anamwachia dada yake wa Nakuru ujumbe wa sauti.

Nimepiga simu kila mahali. Fort Worth wamejaa. Nyingine tatu hazipokei. Imebaki ile ya Plano, ya daktari wa meno. Mhudumu yuleyule kapokea. Amenikumbuka, yule wa maji na ndimu. Anasema kuna meza moja nyuma ya vishale, ya watu sita, hakuna anayeipenda kwa sababu televisheni haionekani. Saa sita mchana. Nikasema nakuja. Nilitaka kumbusu.

Ijumaa, 13 Machi

Baba Mkubwa kapiga mara mbili kuhakikisha saa. Sita mchana yetu ni saa mbili usiku yake, kwa kawaida keshalala. Anasema ameshapiga pasi koti.

Upendo hajasema kama anakuja. Ryan anasema anakuja. Miadi ya tarehe ishirini haijafutwa, nimemuuliza, kasema haijafutwa.

Kuhusu kunywa. Nimemuuliza Padri baada ya Njia ya Msalaba. Kaniuliza ni glasi au ni fundo. Nikasema fundo. Akasema basi asisikie habari ya glasi. Sawa. Lakini sicho kinachonikosesha raha. Kinachonikosesha raha ni kukaa kiti cha baba. Yeye alikuwa akinyamaza watu wananyamaza. Mimi nikinyamaza watu wanauliza kama naumwa.

Jumamosi, 14 Machi

Niandike yote, maana nitataka kuyasoma.

Tumefika mapema, Wanjiru na mimi. Wamejenga hema kwenye maegesho, muziki, watu wamevaa kijani kuanzia kofia hadi soksi. Kulikuwa na mbwa kavaa kijani. Daktari wa meno kafunga kazi, kasimama mlangoni kwake na kinywaji. Ndani kumejaa lakini meza yetu ipo, nyuma ya vishale, kama alivyoahidi. Na kweli pale nyuma kelele inakatika. Ukuta unaizuia. Siku ile ya kwanza sikuona hata kona hiyo, nilikuwa nimeshaanza kudharau.

Saa sita kasoro wakaingia. Ryan mbele, akifungua njia. Upendo nyuma yake. Kanikumbatia, lakini kwa bega tu. Kisha Mzee Colm. Mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa na maji, koti na tai katikati ya watu waliovaa masikio ya plastiki. Anachechemea. Kanipa mkono akasema shikamoo. Nikababaika. Mtu anayenizidi miaka thelathini. Ryan alimfundisha neno, hakumfundisha la nani. Wanjiru aliokoa kwa kumwamkia yeye kwa nguvu.

Tukakaa. Mhudumu kaja, kachora majani matatu shavuni, alama ya Waairishi. Nikamwachia mgeni aanze. Nikamtazama nikisubiri aitaje bia, maana nilitaka kusikia Mwairishi halisi anaagiza nini.

Akaagiza chai.

Nikacheka. Peke yangu. Hapo ndipo nikaona kitu kwenye koti lake, upande wa moyo. Alama ndogo, Moyo Mtakatifu wa Yesu. Bibi alikuwa na picha hiyo juu ya kitanda. Ryan kaeleza, masikio mekundu. Baba yake aliweka nadhiri siku ya kipaimara, kule kwao, kama vijana wengi wa wakati wake. Hajawahi kuonja pombe. Hata kidogo, hata harusini kwake. Kila Machi huwasindikiza wanawe baa, anakunywa chai, anarudi nyumbani mapema.

Nilitamani sakafu ifunguke. Nimezunguka Dallas na Fort Worth kumtafutia bia nzuri mtu asiyekunywa, ili ainunue apewe mtu mwingine asiyekunywa. Na Ryan aliuliza. Aliuliza kama ni lazima iwe pombe, na mimi nikamfanyia mzaha. Mguu wa Wanjiru ulinipata chini ya meza.

Simu ikalia. Baba Mkubwa. Tukaiegemeza kwenye chupa ya siki. Koti, kofia, ameketi wima, nyuma yake kalenda ya parokia. Salamu zilichukua muda mrefu. Mimi mkalimani. Aliuliza hali ya goti, hali ya barabara, hali ya mifugo. Mzee Colm akasema hana mifugo ila alikulia penye ng'ombe. Waliongea ng'ombe. Walielewana vizuri sana kwenye ng'ombe. Upendo kakunja mikono muda wote, anatazama vishale.

Kisha Baba Mkubwa akasema mwambie alete.

Nikaanza kueleza. Kwamba kuna nadhiri. Kwamba mzee hanywi. Kwamba kosa ni langu, sikuuliza. Nilisema kwa Kiswahili haraka haraka. Baba Mkubwa akaniacha nimalize.

"Sikusema anywe. Nimesema alete."

Nikatafsiri. Mzee Colm akainuka. Ryan akainuka naye, baba yake akamrudisha kwa mkono. Mhudumu akataka kumletea, akakataa. Akaenda kaunta mwenyewe, na sisi tukabaki tukitazama kichwa chake cheupe juu ya kofia za kijani, kinasubiri zamu, kinasukumwa. Alisubiri sana. Wahudumu huimimina bia nusu, wanaiacha itulie.

Akarudi nayo mikono miwili. Bia nyeusi, imejaa mpaka ukingoni, macho yake hayatoki kwenye povu. Goti linamkatalia na yeye anakwenda. Mtu mwenye masikio ya plastiki akamkwepa dakika ya mwisho. Sijawahi kuona mtu akibeba kitu kwa uangalifu ule, na ni kitu alichokikataa maisha yake yote. Akaiweka mbele yangu. Hakikumwagika kitu. Akabaki amesimama. Akasema amekuja kumwombea mwanawe. Kwamba mke wake hayupo tena, angekuwepo angesema vizuri zaidi. Kwamba Upendo aliingia nyumbani kwao kukiwa kimya, na sasa hakuna ukimya, na anaomba iendelee hivyo.

Nilitafsiri.

Nikanyoosha mkono kwenye glasi.

"Usiguse!" Baba Mkubwa. Nikaurudisha kama mtoto. "Umemuuliza?"

Nani?

"Mwenyewe. Upendo. Muulize tunywe au tusinywe. Hujui hata hilo? Mama yako hakuulizwa kwao? Sisi kwa mama yako tulikaa na pombe mpaka povu likaisha, anatutazama tu."

Sikulijua. Nilikuwa shule, kisha chuo, kisha huku. Posa zote nilizohudhuria nilikuwa uani na vijana. Nilijua pombe inaletwa na pombe inanywewa. Hapo katikati sikuwahi kukaa ndani.

Nikamgeukia Upendo. Mikono ilikuwa imeshakunjuka.

"Upendo. Pombe hii imeletwa. Tunywe?"

Hakunijibu mimi. Aliinama kwenye simu. "Baba Mkubwa, nikisema hapana?"

"Inarudi kwa mwenyewe. Na wewe unakwenda kwa kaka yako unakula, hakuna atakayekuuliza kitu. Mimi nilikuwa nasubiri mtu alete ili nikuulize. Nisingeweza kukuuliza mikono mitupu."

Upendo akalia. Akajifuta na kitambaa cha mezani chenye picha ya kikaragosi cha kijani. Akalia tena. Ryan hakujua kinachoendelea na nilimwonea huruma, ametoa macho. Mzee bado kasimama.

"Kunywa, kaka."

Nikanywa. Fundo moja, la pili likafuata bila kuulizwa. Chungu, baridi, nzuri. Wanjiru akapiga vigelegele. Vile vya Kikuyu, vitano, vimekatwa sawasawa. Upande wa pili wa ukuta baa nzima ikaitikia kwa kelele, wakidhani ni sehemu ya sikukuu, na mtu akaanza wimbo. Kibosho Baba Mkubwa akainua kibuyu. Kumbe alikuwa nacho chini ya kiti.

Glasi wakaimalizia Upendo na Ryan. Mzee Colm akakaa akaomba chai nyingine. Akasema ni baa nzuri kuliko zote alizowahi kupelekwa, chai yake ina rangi.

Jioni vijana wawili wakaenda kwenye ile barabara ya gwaride. Upendo alinikumbatia kabla ya kuondoka, safari hii kwa mikono yote. Mzee tukamchukua Mesquite, Wanjiru akampikia chai ya maziwa na tangawizi, mzee akainyanyua, akanusa, akauliza kama ni chakula. Kalala chumba cha watoto. Nina furaha. Nimechoka na nina furaha.

Jumapili, 15 Machi

Misa na Mzee Colm. Yeye kajibu kwa Kiingereza chake, mimi kwa cha kwangu. Watoto wamemgeuza babu tayari, wanamsemesha Kiingereza cha haraka na yeye anajibu hata asichosikia. Wameondoka saa nane kurudi Houston. Upendo kafuta miadi ya mahakamani, kanionyesha simu bila kusema neno. Harusi kanisani, mwezi bado.

Jumanne, 17 Machi

Mvua nyepesi. Sikukuu yenyewe leo, lakini mtaani kumetulia, wameshamaliza. Nimevaa tai ya kijani, ofisini kwetu hakuna mwingine aliyekumbuka.

Baba Mkubwa kapiga nikiwa ndio naegesha. Huko alasiri. Nilidhani ni mambo ya tarehe ya harusi. Hakuuliza harusi. Akauliza kama mvua inanyesha, nikasema kidogo, akasema huko inanyesha vizuri.

Kisha akasema Jumapili baada ya misa alikwenda kihambani, shamba la ukoo, kwenye migomba pale alipolala baba. Alibeba mbege iliyobaki. Akamwambia kwamba wamekuja, mzee mwenyewe kaja na goti bovu, kabeba kwa mkono wake. Kwamba binti aliulizwa na amekubali. Kwamba mimi nilipokea. Akammiminia kidogo, akakaa hapo muda.

Nikamuuliza baba kasemaje. Sijui kwa nini niliuliza hivyo, mimi mtu wa ofisi.

"Hakuwa na neno. Angekuwa nalo tungejua."

Akaaga, anaenda kufunga mbuzi kabla mvua haijazidi. Nimekaa ndani ya gari na wipa zikitembea. Nililia kidogo, si vibaya. Nikajifuta uso, nikaingia kazini.